Uraibu na Maradhi ya Akili Vinapokutana

Mtu anaweza kuugua maradhi ya akili na uraibu kwa wakati mmoja. Kijana husikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, naye anatafuna muguka kutwa kucha. Mama aliyelemewa na sonona hunywa chang'aa ili apate usingizi. Wagonjwa wa namna hii ni wengi, na kosa kubwa wanalofanyiwa ni kutibiwa ugonjwa mmoja huku wa pili ukiachwa.

Muguka ni aina ya miraa, majani yanayotafunwa ili kuchangamsha. Mitunguu, mji wa ndizi ulioko Imenti Kusini, Meru, uko kati ya maeneo mawili makubwa yanayolima kichangamshi hicho. Kaskazini mashariki ni milima ya Nyambene yenye miraa. Kusini, ukishavuka Tharaka Nithi, ni Mbeere ya Embu yenye muguka. Kwa Wameru miraa ina heshima yake: fungu la miraa liitwalo ncoolo hupelekwa wakati wa posa, na tangu 2016 sheria ya Kenya inaitambua kuwa zao la biashara. Ada za shule hutoka humo. Ndiyo maana mazungumzo kuhusu madhara yake hugeuka upesi kuwa ugomvi wa riziki, kama ilivyotokea Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka.

Jani bichi la miraa lina kathinoni, kemikali ya jamii moja na amfetamini. Nguvu zake hupungua sana ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa, kwa hiyo mafungu huviringwa kwa majani ya mgomba na magari hukimbia nayo sokoni. Kathinoni huzidisha kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Mtafunaji huchangamka, njaa na usingizi humtoka. Dopamini ikipita kiasi huhusishwa na saikosisi, yaani mtu kusikia sauti, kushuku jirani, kuamini anaandamwa. Watafunaji wengi hawafiki huko. Anayekaribia ni yule anayetafuna mafungu mengi, anayekesha siku mfululizo, au ambaye katika ukoo wake kuna ugonjwa wa akili. Watafiti wa Kenya waliohoji watu 831 katika eneo la mashambani linalolima miraa walichapisha matokeo mwaka 2019: zaidi ya theluthi moja walikuwa watafunaji, na kuona au kusikia yasiyokuwepo kulihusiana na utafunaji huo.

Stimu ikiisha, moyo huzama na usingizi hukataa kuja. Hapo wengine hutafuta pombe au vidonge vya usingizi vya kujituliza, na uraibu mmoja huzaa wa pili. Njia ya kinyume ipo pia: ugonjwa hutangulia, na mgonjwa hujitibu kwa chupa kabla hajamwona daktari. Kipi kilianza si rahisi kujua. Kwa kawaida saikosisi iliyoletwa na kileo au dawa hutulia ndani ya mwezi mmoja hivi baada ya kuacha. Dalili zikidumu, daktari hutafuta ugonjwa unaojitegemea, kama skizofrenia. Kungoja mwezi huo hakumaanishi kumwacha mtu bila tiba.

Kumfungia mlevi nyumbani ili aache kwa nguvu ni hatari. Mnywaji wa muda mrefu akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka katika siku tatu za kwanza, na wengine hufa. Aachishwe pombe chini ya uangalizi wa hospitali.

Kwingi, kituo cha kurekebisha waraibu humkataa anayeongea peke yake, na hospitali humwambia aache pombe kwanza. Familia huzunguka kati ya milango miwili hadi pesa ziishe, kisha huishia kwenye maombi au kumfunga mgonjwa kamba. Tiba inayofaa ni ya kundi moja la wahudumu: dawa za akili, ushauri nasaha, na familia kufundishwa dalili za kurudi nyuma. Mgonjwa akiteleza, asifukuzwe. Kuteleza ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Mwaka 2022 NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilikadiria kuwa Mkenya mmoja kati ya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia angalau kileo au dawa moja ya kulevya. Mwaka huohuo Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho ili huduma zifike katika kaunti. Mwenye mgonjwa nyumbani asingoje: simu ya NACADA, 1192, hupigwa bila malipo.