Majimaji Yanayogoma Yakipigwa (Sehemu ya Pili)

Waliofuata agizo la wiki iliyopita sasa wana bakuli mezani: vikombe viwili vya wanga wa mahindi, kimoja cha maji. (Unga wa sembe haufai, maana una mengi zaidi ya wanga.) Chovya kidole polepole, kitazama kama kwenye uji. Piga ngumi, na ngumi itagota. Mjukuu wangu alifinyanga donge likawa gumu kama tonge la kiporo; alipofungua kiganja ili anionyeshe, likamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Chembe za wanga huelea zikitenganishwa na utando mwembamba wa maji. Zikisukumwa taratibu, hupishana. Zikisukumwa ghafla, utando ule hukamuliwa, chembe zinagusana, msuguano unazifunga. Ndivyo ilivyo mlangoni pa daladala: abiria wakishuka mmoja mmoja wanapita, wakisukumana kwa pamoja hakuna anayetoka.

Viwandani tabia hii ilikuwa kero tupu. Ukiongeza mwendo wa mashine ya kukorogea, mchanganyiko unakaza na mota inalemewa. Walioigeuza kuwa faida walianza na swali jingine: je, kuna kitu kinachoweza kuwa laini mchana kutwa, kikawa kigumu kwa sekunde moja tu inayohitajika?

Fulana ya kuzuia risasi ndiyo mfano unaojulikana zaidi, na pia unaosimuliwa vibaya zaidi. Watu hudhani majimaji ndiyo yanayosimamisha risasi. Sivyo. Mwaka 2003, Norman Wagner wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na wenzake, akiwemo Eric Wetzel wa maabara ya utafiti ya jeshi la nchi hiyo, walitangaza matokeo ya kulowesha kitambaa cha Kevlar kwa chembe za silika zenye upana wa nanomita 450 hivi, yaani zisizofikia hata sehemu moja ya mia ya unene wa unywele. Hawakutumia maji, kwa kuwa maji yangekauka. Walitumia ethilini glikoli. Kazi ya kuzuia inabaki kwa nyuzi. Kimiminika kinazikamata zisiteleze na kuachana pale zinapopigwa, hivyo tabaka chache zinafanya kazi ya nyingi na anayeivaa anaweza kuinama. Manufaa hayo yanaonekana hasa kwa kitu chenye ncha kama msumari, ambacho kwenye kitambaa kikavu hupenya kwa kuzitanua tu nyuzi. Askari magereza wataelewa haraka umuhimu wake.

Mwingereza Richard Palmer alishika njia tofauti. Kampuni yake, D3O, iliyoanza mwaka 1999, hutengeneza kitu laini kama sponji chenye tabia hiyohiyo, bila hofu ya kumwagika. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Torino, mwaka 2006, wateleza theluji wa Marekani na Kanada walikivaa ndani ya mavazi yao, maana katika mchezo ule mtu huparamia nguzo za njia kwa makusudi ili asipoteze muda. Siku hizi kimo katika mavazi ya waendesha pikipiki na makasha ya simu.

Ninaloliona tamu zaidi ni la mwaka 2012. Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve huko Cleveland, Marekani, mji ambao baridi yake hupasua lami kila mwaka, walijaza mchanganyiko wa aina hii kwenye mifuko isiyovuja na kuitumbukiza kwenye mashimo ya barabara. Mfuko unajimimina kulingana na umbo la shimo, gari likipita unakaza. Hakuna kukata lami wala kushindilia. Wao wenyewe waliukusudia uwe kiraka cha muda, na walikuwa sahihi. Lori lenye shehena likipata pancha, gurudumu moja likalala juu ya mfuko usiku kucha, litafanya kile kilichofanywa na kidole chako bakuli­ni: litazama polepole.

Na bakuli hilo usilimwage kwenye sinki. Wanga utatuama ndani ya bomba, na fundi atakudai.