Chora Haki, Usichore Shuka: Vile Mchoro Wako Unaweza Kutetea Jamii Asilia

Tuseme uko hapo Mayoni, brashi mkononi, umezoea kuchorea wasee wa kinyozi ukuta. Mtu anakuja anakushow, "Nichoree haki za jamii asilia." Kusema ukweli, utachora Mmaasai, shuka nyekundu, mkuki, jua likizama. Picha kali, lakini haki iko wapi hapo? Hiyo ni kadi ya kuuzia watalii.

Mchoro wa haki unataka vitu vitatu: wenyewe, kitu chao, na nani anawaamulia.

Cheki Waogiek wa msitu wa Mau. Hawa ni warina asali, na mizinga yao ya magogo hukaa juu ya miti. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 wahame. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika kule Arusha, na 26 Mei 2017 ikaamua kuwa serikali ya Kenya iliwavunjia haki, zikiwemo za ardhi na utamaduni. 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85.

Sasa, hukumu ni makaratasi kibao, nani atasoma? Lakini chora mzinga juu ya mti, halafu notisi imepigiliwa misumari kwa shina la mti huohuo. Hata mtoto wa nasari atashika: mwenye asali anafukuzwa kwao.

Na usidhani sanaa ya jamii ni mali ya bure. Hapa Kakamega tuko na isukuti ya Waisukha na Waidakho. 2014 UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, juu inaendelea kufifia. Kenya pia iko na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Ukitaka kutoa ganji na sanaa ya jamii, kwanza unaomba ruhusa ya wenyewe, halafu mnagawana faida.

Kwa hivyo kabla hujachapisha hizo tishati za Waogiek, tafuta Waogiek. Waonyeshe mchoro kabla uende Instagram. Wakisema, "Zii, hapo si sisi," futa uanze upya. Ukikataa kufuta, pia wewe umeingia kwa ile orodha ya watu wanaowaamulia.