Kupanda mlima na mbwa: Akishindwa kutembea, utambeba?

Wadau, kwetu wengi kazi ya mbwa ni kulinda geti, basi. Lakini kule Colorado, Marekani, watu wanapanda nao milima. Jimbo hilo lina vilele zaidi ya 50 vinavyopita futi 14,000 (kama mita 4,270), na vingi vinaruhusu mbwa.

Je, mbwa anaweza? Anaweza, ila si kila mbwa wala si kila mlima. Kinachomwangusha mara nyingi si pumzi, ni nyayo. Wewe una buti, yeye yuko peku, na mawe ya huko juu yanakwaruza kama msasa. Halafu mbwa halalamiki! Atakufuata tu, ukija kushtuka anachechemea na damu inatoka, na gari mmeliacha mbali kule chini.

Ndiyo yaliyompata Missy, mbwa jike aina ya German Shepherd, Agosti 2012 kwenye mlima Bierstadt. Nyayo zilichanika, hali ya hewa ikachafuka, mwenyewe akashuka akamwacha. Alikaa mawe hayo siku nane! Wapandaji wengine wakamkuta, wakatangaza kwenye intaneti, na watu wa kujitolea wakapanda kumfuata wakamshusha kwenye begi la mgongoni. Mwenye mbwa aliishia mahakamani kwa ukatili kwa wanyama.

Kwa hiyo mambo ni haya. Mzoeshe kwanza vilima vidogo, na viatu vya mbwa avizoee nyumbani. Bebeni maji yake pia, maana yeye hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Akitapika, akiyumba au akigoma kula, huenda ni kimo: shukeni. Anzeni alfajiri, kwani kiangazi cha Colorado radi hupiga mchana. Kamba isitoke mkononi.

Na huku kwetu? Usijaribu. Kilimanjaro na Meru ziko ndani ya hifadhi za taifa, mbwa wa nyumbani haruhusiwi. Si roho mbaya: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Kabla hujaondoka, mnyanyue mbwa wako, tembea naye hatua mia. Ukishindwa hapo uani, kileleni itakuwaje?

Haya wadau, nyie mnasemaje?