Kabla ya Kuuza Simu Yako, Ondoa Habari Zako Ndani

Biashara ya simu zilizotumika imeenea kote katika kaunti yetu. Kuanzia Mjambere na mitaa mingine ya Kisauni hadi Kongowea, Likoni na Changamwe, simu hubadilisha mikono kila siku. Mmoja anauza ili alipe karo, mwingine anaongeza pesa kidogo apate iliyo bora zaidi. Mnunuzi hukagua kioo, betri na kamera, bei ikaafikiwa, kila mtu akaenda zake. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalikagui ni habari zao wenyewe zilizobaki ndani ya simu hiyo.

Makala haya yanaeleza kwa nini kufuta picha na jumbe peke yake hakutoshi, na hatua za kufuata kabla ya kumkabidhi mtu simu yako.

Ni nini kilichomo ndani?

Hebu fikiria simu ya mama mwenye kibanda cha mboga. Ndani yake mna picha ya kitambulisho chake aliyopiga alipokuwa akijisajili kwa huduma fulani. Mna jumbe za M-Pesa zinazoonyesha nani alimtumia pesa, kiasi gani na siku gani. Mna orodha ya wanachama wa chama na michango yao, picha za watoto wakiwa na sare za shule, na mazungumzo ya WhatsApp ya familia. Mna pia barua pepe, na aliye na barua pepe hiyo anaweza kuitumia kubadilisha nywila za akaunti nyingine.

Ni kweli kwamba pesa za M-Pesa hazikai ndani ya simu. Akaunti hufuata laini, na hulindwa na PIN. Lakini tapeli hahitaji PIN mara moja. Akijua jina lako kamili, namba ya kitambulisho na muamala ulioufanya juzi, atakupigia akijifanya mhudumu, na maneno yake yatafanana na ukweli. Hapo ndipo wengi hutoa PIN kwa hiari yao. Tena anaweza kuwapigia jamaa zako akiomba pesa kwa jina lako.

Kwa hivyo habari zilizo kwenye simu si zako peke yako. Wanachama wenzako, wateja na watoto wako nao wamo humo, na hawakuulizwa simu ilipouzwa.

Kufuta si kuondoa

Kumbukumbu ya simu ni kama kitabu chenye ukurasa wa yaliyomo. Ukifuta picha, mara nyingi simu huondoa jina lake kwenye ukurasa ule tu, na kuhesabu nafasi ile kuwa tupu. Picha yenyewe inaweza kubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Mtu mwenye programu ya kufufua data anaweza kuirudisha.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2014 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Avast ilinunua simu 20 za Android zilizotumika, ambazo wenyewe waliamini wamezisafisha. Ndani yake zilipatikana picha zaidi ya 40,000, mamia ya barua pepe na jumbe, na hata fomu moja ya mkopo iliyojazwa kikamilifu. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza walipima simu 21 za Android za matoleo ya zamani, wakagundua kwamba hata kurudisha simu katika hali ya kiwandani hakukuondoa kila kitu.

Simu za sasa ni bora zaidi. Huhifadhi data ikiwa imefungwa kwa msimbo, na simu inaporudishwa katika hali ya kiwandani, ufunguo wa msimbo huo huharibiwa. Hata kama data imebaki, haisomeki. Simu zote mpya zilizotoka na Android 10, ya mwaka 2019, na kuendelea zinatakiwa kuwa na kinga hii. Wenye simu za zamani zaidi wanahitaji tahadhari ya ziada tutakayoieleza.

Hatua za kufuata

1. Hifadhi unachokihitaji. Weka picha na namba za watu kwenye akaunti yako ya Google au iCloud, au uzihamishe kwenye simu mpya. Kama unatumia jumbe za M-Pesa kama kumbukumbu za biashara, omba taarifa ya miamala kupitia *234#.

2. Hamisha WhatsApp. Hifadhi nakala ya mazungumzo, kisha usajili namba yako kwenye simu mpya. WhatsApp ya simu ya zamani itajifunga. Weka pia PIN ya uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu asiweze kuisajili namba yako kwingine kwa urahisi.

3. Toka kwenye programu za benki, M-Pesa na mikopo. Iarifu benki yako kwamba hutumii tena simu hiyo. Kumbuka kuwa kuondoa programu ya mkopo kwenye simu hakufungi akaunti yako kwa mkopeshaji, wala hakuondoi deni.

4. Ondoa akaunti ya Google, au utoke kwenye iCloud ikiwa ni iPhone. Hatua hii ifanywe kabla ya kusafisha simu. Ukiiruka, simu inaweza kumdai mnunuzi nywila yako atakapoiwasha. Kinga hii imewekwa ili kuwavunja moyo wezi, lakini humsumbua pia mnunuzi halali, ambaye atarudi kukudai pesa zake au kukuomba nywila. Usimpe mtu nywila kwa sababu hiyo.

5. Toa laini na memori kadi. Kwa kawaida, kuisafisha simu hakugusi vitu hivi viwili. Kamwe usiuze simu pamoja na laini. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, na uhalifu ukifanywa kwayo, uchunguzi utaanzia kwako. Wateja wa Safaricom wanaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao.

6. Rudisha simu katika hali ya kiwandani. Fungua mipangilio, utafute sehemu ya kufuta data yote. Kwenye simu iliyo katika Kiingereza, huandikwa "Factory data reset" au "Erase all content". Hakikisha chaji inatosha. Simu ya zamani isiyo na kinga ya msimbo, isafishe, kisha urekodi video ndefu ya kitu kisicho na maana, kwa mfano ukuta, hadi nafasi ijae, halafu uisafishe tena. Video hiyo huandikwa juu ya yale yaliyobaki.

7. Iwashe uhakikishe. Simu iliyo safi hukukaribisha na kukuuliza uchague lugha. Ikikuonyesha picha yako, au ikikuomba nywila ya akaunti yako, kazi haijaisha.

Kazi hii ifanye mwenyewe, au ifanyike mbele ya macho yako. Usikubali kuambiwa, "Wacha hapo, nitaiflashi baadaye." Ukishaondoka, huna njia ya kujua kama ilifanywa.

Simu iliyovunjika kioo au isiyowaka

Wengi huuza simu za namna hii kwa mafundi kama spea, wakidhani hakuna kinachosomeka. Kioo kikivunjika, kumbukumbu iliyo ndani haijaguswa. Fundi akiweka kioo kingine, yote huonekana. Kama inawezekana, mwombe fundi aunganishe kioo kwa muda ili uisafishe kabla ya kuuza. Isipowezekana, ingia kwenye akaunti yako kwa kifaa kingine, uondoe simu hiyo kwenye orodha ya vifaa, na ubadilishe nywila. Simu mbovu isitupwe pamoja na taka za nyumbani zinazoelekea jaa la Mwakirunge, kwani betri yake inaweza kuwaka moto na vifaa vyake vina madini yenye sumu. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Andikianeni

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Piga *#06# upate namba ya IMEI ya simu, kisha muandikiane: tarehe, bei, aina ya simu, IMEI, majina na sahihi za wote wawili. Karatasi hii humlinda muuzaji simu ikitumiwa vibaya baadaye. Humlinda pia mnunuzi, kwa sababu kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Unaweza kuonyeshana vitambulisho, lakini hakuna haja ya kumwachia mtu nakala au picha ya kitambulisho chako.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 iliunda Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi. Mnamo Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka 3, au yote mawili.

Hata hivyo, sheria huja baada ya madhara kutokea. Picha iliyokwisha kusambaa hairudi.

Na kama ulishauza?

Bado kuna la kufanya leo. Ingia kwenye akaunti yako ya Google au iCloud kwa simu nyingine na uondoe simu ya zamani kwenye orodha ya vifaa. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kisha za mitandao ya kijamii na benki. Badilisha PIN ya M-Pesa. Waarifu jamaa na wanachama wa chama wasitume pesa kwa ujumbe wa maandishi tu, bila kusikia sauti yako. Ukigundua habari zako zimetumiwa vibaya, piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu, uhakikishe umepewa namba ya OB, na uwasilishe malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia tovuti yake, odpc.go.ke.