Mtoto Ameshiba Bukari, Lakini Amekula?

Mama msomaji, baba msomaji, na wewe kijana unayeachiwa wadogo wako kila asubuhi, leo tuzungumze juu ya tumbo la mtoto. Hapa Lubumbashi mama anarudi kutoka soko ya Kenya magaribi, amechoka, anauliza yule aliyebakia na mtoto: "Mutoto alikula?" Anajibiwa: "Ee, alikula bukari, alishiba." Na maneno yanaishia pale. Sisi tuulize zaidi kidogo. Alikula mara ngapi? Alikula bukari na nini? Na ule mchuzi, samaki alikuwa ndani, ama alipita tu juu ya sufuria akaenda zake?

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa mara moja tumbo la mtoto mdogo linapokea karibu gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 11 anaweza basi kula gramu 330 hivi, ni kusema sahani ndogo moja. Bukari ya gramu 330 inampa kama kalori 350. Kwa siku nzima yeye anahitaji karibu 1,000. Hata umshindilie namna gani, kwa mlo mmoja wa magaribi hawezi kupata zaidi ya nusu ya haja yake. Baba anaweza kungoja mpaka jioni, maana tumbo lake ni kubwa na mwili wake hauongezeki tena. Mtoto anajenga mifupa, damu na ubongo kila siku, na anajenga kwa kile alichokula siku ile.

Zamani huku kwetu hesabu hii ilifanywa na kampuni. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 iliacha wafanyakazi waishi kambini na bibi na watoto wao. Posho ilihesabu mwanaume, bibi yake, na watoto. Haikuwa mapendo matupu: kampuni ilitaka wafanyakazi wa kesho wakomee palepale kambini. Baada ya 1967 Gécamines iliendelea na desturi ile, na wazee wanakumbuka vizuri gunia ya unga. Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mwaka 1991 uporaji ukapita mjini, mishahara ikakawia miezi na miezi, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa njia ile iliyoitwa "départs volontaires". Profesa Dibwe dia Mwembu wa Université ya Lubumbashi aliandika kitabu mwaka 2001, akakiita *Bana Shaba abandonnés par leur père*, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kichwa kile peke yake kinaeleza mengi.

Baba alipokosa mshahara, ni mama aliyetoka. Akauza makala, mboga, mandazi, unga kwa kipimo. Mwaka 2004 kilitoka kitabu kingine juu ya chakula cha mji wetu, *Byakula*, kazi ya watafiti walioongozwa na Pierre Petit, kwa sababu kula mara moja kwa siku kulikuwa kumekuwa jambo la kawaida katika nyumba nyingi. Leo kampuni mpya ziko, na kazi ya zamu iko, lakini mama hakurudi nyumbani kukaa. Mtoto anabakia na dada yake, ama na jirani, ama katika garderi ya parokia, ama maternelle akifika miaka mitatu. Masaa yote anayohitaji kula, mama hayuko. Ndiyo sababu yule anayelinda mtoto ni lazima ajue kupanga chakula. Uchunguzi wa taifa wa 2013–2014 ulikuta kwamba kwa watoto 100 wa Kongo wenye chini ya miaka mitano, 43 walikuwa wafupi kupita umri wao. Wengi wao walikuwa wanakula kila siku.

Tuanze na mdogo kabisa. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. "Lakini mimi ninaenda soko!" Tunakusikia, mama. Nawa mikono, kamua maziwa katika kopo safi lenye kifuniko, na mlinzi amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo. Chupa yenye chuchu ya plastiki ni ngumu kusafisha, na ndani mwake kuhara kunajificha. Maziwa hayo yanakaa masaa manne katika nyumba isiyo na joto kali. Katika joto la mwezi wa kumi usingoje yote manne.

Kutoka miezi sita mtoto anaanza kula, mara mbili ama tatu kwa siku pamoja na kunyonya. Hapa kosa kubwa la kwetu ni uji wa maji. Mama anaweka unga kidogo, maji mengi, sukari mingi, na mtoto anashiba maji. Uji wa mtoto unapaswa kukaa juu ya kijiko. Ukimwagika kama chai, bado. Chukua vijiko vitatu vikubwa vya unga ya mahindi na kimoja cha kalanga zilizokaangwa na kusagwa laini, pika mpaka uive kabisa, halafu tia kijiko kidogo cha mafuta ya ngazi. Rangi ile nyekundu ya mafuta ni dawa ya macho, ina vitamini A. Siku nyingine, mahali pa kalanga weka unga ya soya iliyokaangwa, ama unga ya ndagala waliokauka vizuri, waliosagwa na vichwa vyao. Kijiko kimoja cha ndagala kinashinda sahani ya mchuzi mtupu.

Akifika miezi tisa, mara tatu ama nne, na kitu kidogo katikati. Tia ndani maharagi yaliyopondwa na kutolewa maganda, yai, avoka, papai, sombe iliyotwangwa na kuiva sana. Jamaa zingine hukataza yai kwa mtoto, wakisema atakuwa mwizi. Kwa kweli sijaona mwizi aliyefundishwa na yai. Njaa inafundisha zaidi.

Sasa tusimame kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitatu, maana huyu ndiye anayesahaulika. Mimba ingine inaingia, anaachishwa ziwa kwa ghafula, na kesho yake anawekwa mbele ya sahani moja na wakubwa wake. Wakubwa wana mikono mirefu. Wanamaliza samaki, mdogo anabakia kuchovya bukari. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi kule Ghana, aliandika katika gazeti la waganga jina la ugonjwa ambalo mamama wa kule walikuwa nalo: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayeondolewa pahali pake na mdogo wake. Ndugu zetu wa Kivu wanauita bwaki. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, mtoto anakuwa mzito wa roho, hachezi. Jirani anasema "amenenepa." Kumbe ni maji.

Dawa ya kwanza ya jambo hili haiombi feza: mpe mtoto sahani yake. Weka sehemu yake ya bukari, ya mboga, na ya samaki, wakubwa wasiiguse, na uketi naye. Hapo utaona kwa macho yako alikula kiasi gani. Wewe kijana, hii ni kazi yako hasa. Mtoto wa miaka miwili anakula polepole, anaangalia kuku, anasahau. Mrudishe kwa maneno mazuri, usimlazimishe kwa fimbo.

Na kama unalinda wengi, katika garderi ama nyumbani? Panga kwa saa, kisha panga kwa juma. Asubuhi anapofika, uji mzito. Masaa mawili ama matatu baadaye, kitu kidogo. Katikati ya siku, chakula chenyewe. Baada ya usingizi, kitu kidogo tena. Magaribi atakula na jamaa yake. Chakula cha katikati ya siku kiwe na vitu vinne: kinachotia nguvu, kama bukari, wali ama viazi, kinachojenga, kama maharagi, ndagala ama yai, majani, kama lengalenga ama matembele, na mafuta kidogo. Siku ya kwanza maharagi, ya pili ndagala, ya tatu kalanga ndani ya matembele, ya ine soya, ya tano yai ama samaki wa Kasenga kama feza iko. Andika karatasi ubandike mlangoni, wazazi waisome. Karatasi ile inasaidia mama asipike magaribi kitu kilekile cha mchana.

Juu ya ile gute ya maternelle nina neno. Watoto wanakuja na pakiti ya biskuti na maji matamu ya rangi, kwa sababu jirani naye ameleta. Ni bei kubwa kwa sukari na rangi. Ndizi moja inatosha, ama kiazi kitamu kilichochemshwa, ama mahindi mabichi wakati wake, ama embe wakati wa mvua, ama mkate uliopakwa kalanga za kusagwa. Kalanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, inaweza kumkaba koo. Chai pamoja na chakula hapana: inazuia damu kupata chuma cha mboga na maharagi. Chungwa ama embe linafanya kinyume chake, linafungulia chuma kile njia.

Chagua kalanga na mahindi kwa mkono. Zenye ukungu, nyeusi ama za kijani, tupa, hata kama moyo unauma. Sumu ya ukungu haitoki kwa moto. Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu ile yaliua watu 125.

Na sisi wa mji wa migodi tuna shida yetu wenyewe: mavumbi. Mwaka 2009 wachunguzi, pamoja na profesa Banza wa Université yetu, walichapisha kwamba walikuta kobalti na metali zingine nyingi mno katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na watoto ndio walizidi. Inaingia kwa mboga zilizolimwa pale, na kwa mikono ya mtoto anayecheza chini kisha anakula. Kwa hiyo mboga ziosheni katika maji mara mbili, tatu, mpaka mchanga uishe. Kuosha hakuondoi ile iliyoingia ndani ya jani, basi uliza mama muuzaji amelima wapi. Mikono ya mtoto inawe kwa sabuni kabla ya kila kula. Na baba aliyetoka machimboni avue nguo za kazi kabla ya kumpakata.

Mara moja kwa mwezi mpeleke mtoto kwa mizani, katika sentre ya afya. Kuna utepe wa kupima mkono wa kushoto kwa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano: chini ya sentimeta 12.5 ni hatari, chini ya 11.5 ni hatari kubwa, asilale nyumbani bila kuonwa. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu. Shimo likibaki, mchukue siku ileile.