JUU YA NINI TUMALIZE DAWA?



Mara nyingi mgonjwa wa kifua kikuu anasema: «Miye nilishapona, dawa ya nini tena?» Kikohozi kimekwisha, nguvu imerudi, lakini munganga anamwambia aendelee mpaka mwezi wa sita. Tueleze sababu yake.

Kuna mikrobe waliogeuka kabisa, dawa haiwawezi, nao wanarithisha ile nguvu kwa watoto wao. Hao tunawaita sugu. Lakini wengine si sugu, wanalala tu. Katika mwaka 1944, Joseph Bigger, mtaalamu wa Dublin katika Ireland, alitilia mikrobe penisilini. Karibu wote walikufa. Akabaki kama mmoja katika milioni. Akawazalisha wale waliobaki, akawatilia penisilini tena: watoto wao wakafa sawasawa na wale wa kwanza. Basi, hawakuwa sugu.

Waliponea wapi? Mikrobe akikosa chakula, ao akipigwa na sumu, anatoa alama ya hatari ndani ya mwili wake mwenyewe. Alama ile inasimamisha kazi: hakui tena, hazai. Na penisilini inaua mikrobe wakati anapojenga ukuta wake. Fundi akiweka chini vyombo vyake, ile dawa haina pa kumshikia.

Kando ya ziwa Tshangalele tunaona mfano wakati wa kiangazi. Moto unachoma majani yote, lakini mizizi inabaki chini. Mvua ikianza, majani yanaota tena.

Mikrobe wa kifua kikuu ni hodari sana kwa kulala. Hata akiwa na nguvu anajigawa karibu mara moja tu kwa siku. Akikosa hewa na chakula ndani ya mapafu, anatulia kabisa. Zamani watu walitibiwa miezi 18. Miaka ya 1970, waganga wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, pamoja na Waingereza, walijaribu miezi 6. Waliopewa streptomisini na isoniazidi peke yake, zaidi ya robo yao waliugua tena. Walioongezewa rifampisini, ni wachache tu waliorudia ugonjwa, kwa maana dawa hii inawafikia hata wale wanaolala na kuamka kidogo kidogo.

Kwa hiyo miezi ya kwanza inaua wengi, na mgonjwa anajisikia muzuri. Miezi ya mwisho ni ya kuwatafuta wale waliojificha. Akiacha katikati, wataamka, watazaa, na kati ya watoto wao wengine wanaweza kugeuka sugu kweli. Hapo ataambukiza ndugu zake ugonjwa mugumu kuliko ule wa kwanza.

Basi, tukiwa na mgonjwa nyumbani, tusimwulize tu kama anakohoa. Tumwulize: «Dawa ya leo ulishakunywa?» Mwili tumepewa na Mungu tuutunze, na wa jirani vilevile.