Pakiti ya Elfu Sita na Mayai Yaliyobaki Dukani

Mtoto wangu wa kwanza alipotimiza miezi 6, nilitoka kliniki na maneno ya nesi kichwani na karatasi ya bibi yake mkobani. Nesi alikuwa na foleni, akasema kwa kifupi: endelea kunyonyesha, anza kumlisha, uji uwe mzito. Bibi yeye alikuwa ameandika vitu tisa: mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, ngano, soya, karanga na mbegu za maboga. Vyote visagwe pamoja, mjukuu asipungukiwe na kitu. Njiani nikapita dukani kwa Mangi kununua sabuni, nikakutana na shauri la tatu limepangwa rafu ya juu: pakiti ya kilo moja, picha ya mtoto mwenye mashavu, neno LISHE kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani. Shilingi 6,000.

Nilinunua. Nadhani wengi wetu hununua kwa mtoto wa kwanza, maana hofu haina muda wa kupiga hesabu. Mtoto wa pili ndiye aliyenishikisha kalamu.

Bei nitakazozitaja ni za mtaani kwetu Temeke. Zinapanda na kushuka kwa msimu, na anayeishi Songea au Mombasa atazicheka. Weka za kwako. Njia ya kuhesabu ni ileile.

Mtoto wa mwaka mmoja nyumbani kwangu anatumia kama gramu 60 za unga kwa siku, asubuhi na jioni. Kwa mwezi ni kilo 1 na gramu 800. Kwa unga wa pakiti hiyo ni shilingi 10,800. Mchanganyiko wa bibi, nikijumlisha vitu vyote tisa na pesa ya mashine, unanigharimu kama 3,500 kwa kilo, yaani 6,300 kwa mwezi. Ninachokifanya sasa ni cha tatu: nusu dona ya 1,600 kwa kilo, nusu ulezi wa 3,200 kwa kilo, na pesa ya kusagia ulezi. Kwa mwezi ni 4,500 hivi. Tofauti kati ya pakiti na uji wangu ni shilingi 6,300. Kwa Mangi yai moja ni 450. Kwa hiyo tofauti hiyo ni mayai 14: yai siku moja, siku ya pili hakuna, siku ya tatu yai tena, mpaka mwezi unaisha.

Niliipiga hesabu hiyo mara mbili, nikidhani nimekosea.

Mwenye pakiti atasema unga wake una vitu vingi, wangu una viwili. Ni kweli. Lakini hebu tuitazame karatasi ya bibi kwa makini. Mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi na ngano ni ndugu wa baba mmoja. Wote ni nafaka, na kazi yao kubwa ni kumpa mtoto wanga. Ulezi una sifa yake ya ziada, madini ya kalisi kwa wingi kuliko wenzake, ndiyo maana mimi sikuuacha. Lakini kuzichanganya nafaka sita ili kupata mlo kamili ni sawa na kuita mafundi uashi sita na kutegemea mmoja wao ataezeka bati.

Ushahidi tunao hapahapa nchini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa. Na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, huko huko yanakotoka mahindi tunayokula Dar es Salaam. Maghala yamejaa, watoto ni wafupi kuliko umri wao. Sababu za udumavu ni nyingi, maradhi na maji machafu yamo, lakini wingi wa nafaka peke yake haujawaokoa.

Vitu vitatu vilivyobaki kwenye orodha, yaani soya, karanga na mbegu za maboga, ndivyo vyenye protini na mafuta. Ni vizuri, ila si kwa kusagwa pamoja na kuwekwa ndooni miezi miwili. Soya mbichi ina kemikali zinazozuia tumbo kuisaga protini, na zinaondolewa kwa moto wa kutosha. Ukiisaga mbichi, uji wa ulezi utakuwa umeiva wakati soya bado. Karanga zikishasagwa mafuta yake yanaanza kuharibika. Unga wa orodha hiyo, ambao mwanangu wa kwanza naye alipikiwa, ulifika mwezi wa pili ukiwa na harufu ya rangi ya mafuta, na ladha chungu inayobaki nyuma ya ulimi. Yeye alikuwa anaukataa, mimi namwita mdekaji.

Halafu kuna sumukuvu. Hiyo ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Haifi kwa kuchemshwa. Huwezi kuiona ndani ya unga, ila unaweza kuiona mapema kidogo: punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au jeusi. Kwa hiyo mimi karanga nanunua nzima, robo kilo tu, nazichambua kwenye ungo mchana kweupe, zilizosinyaa natupa hata kama roho inauma, nakaanga, nasaga zinazotosha wiki. Dona pia naomba nione mahindi kabla hayajaingia mashineni. Mwenye mashine amenizoea. Akiniona anaanza kucheka. (Na karanga nzima mtoto mdogo asipewe kamwe, zinakaba.)

Sasa turudi kwa nesi na neno lake "mzito". Tumbo la mtoto wa kilo 8 linachukua kama robo lita kwa mlo mmoja, basi. Ukipika robo lita ya uji kwa gramu 20 za unga, umempa kalori 70 hivi, na tumbo limejaa maji. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kama kalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, wa miezi 9 hadi 11 anahitaji 300, na akivuka mwaka zinafika 550. Kwa uji wa kumiminika utamlisha mpaka uchoke mkono. Kipimo ni kijiko: ukikiinamisha, uji ubaki juu yake kidogo kabla haujaanguka. Kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia kinaongeza kalori 40, kijiko kikubwa cha karanga iliyosagwa kinaongeza kama 90. Kwa pesa, hakuna nyongeza nyingine inayozishinda hizo mbili.

Tatizo ni kwamba uji mzito sana mtoto mdogo hauwezi. Hapo ndipo kimea kinapoingia, kitu ambacho bibi zetu walikitumia kwa togwa na pombe, na ambacho watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walikipigia debe kwa chakula cha watoto tangu miaka ya 1980. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili. Ukitoa vijimizizi vyeupe kama nyuzi, uanike juani mpaka ukauke kabisa, usugue vijimizizi vitoke, upepete, usage. Pika uji mzito kiasi kwamba mwiko unasimama, uepue, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, koroga. Mara ya kwanza nilidhani nimeuharibu: baada ya dakika chache ulikuwa unateleza kama wa mgonjwa. Unga uliomo haujapungua hata chembe, ni kimeng'enya cha kimea kimeukata ule unato wake. Rudisha motoni uchemke tena, mpe. Gharama yake haifiki shilingi 20 kwa siku.

Sasa protini, maana hapo ndipo pesa nyingi inapopotea. Nilichukua bei za wiki moja nikagawanya ili nipate gramu 10 za protini kwa kila chakula. Maharage ya 3,200 kwa kilo yananipa gramu 10 kwa shilingi 150. Dagaa wa Mwanza wakavu wa 12,000 kwa kilo: 200. Karanga za 5,000: 200 pia. Unga wa pakiti, ambao kwa maandishi yake mwenyewe una gramu 12 katika kila 100, unaniuzia kwa 500. Yai ni 750, na maziwa freshi ya 2,500 kwa lita ni kama 760.

Usikimbilie maharage kwa sababu ya hesabu hiyo. Maharage yanakula mkaa. Usipoyaloweka usiku kucha, bei yake ya kweli inapanda jikoni. Na chuma kilichomo humo mwili wa mtoto hukipata kwa shida, tofauti na kile cha nyama na samaki, ndiyo maana ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto apate kitu kinachotokana na mnyama kila siku. Ukilazimika kutegemea maharage, weka pembeni kipande cha chungwa, embe au nyanya. Vitamini C husaidia chuma kiingie. Chai ya rangi inafanya kinyume chake, na bado tunawapa watoto chai na andazi kila asubuhi.

Kwangu mimi dagaa ndiyo jibu. Nakata vichwa, nasafisha tumbo, naosha maji matatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni, naanika, nakaanga bila mafuta mpaka wanavunjika kwa vidole. Natwanga kwenye kinu, nachekecha kwa chujio la chai. Kijiko kikubwa kimoja kina protini karibu nusu ya yai kwa shilingi 60 hivi, na kwa kuwa mifupa imo, kalisi imo. Kinaingia kwenye viazi vya kuponda, kwenye mchicha, kwenye wali bokoboko. Kwenye uji wa sukari nilijaribu mara moja. Sitarudia. Huo unga wa dagaa pia usichanganye na unga wa uji na kuuhifadhi pamoja. Unaharibika na kuuharibu mwenzake.

Mboga na matunda hayana haja ya hesabu ndefu. Fungu la mchicha au matembele ni 500 na linatosha siku mbili kwa mtoto, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa vina vitamini A ya kutosha, papai lipo. Juisi ya boksi ni sukari yenye picha ya tunda.

Kitu kimoja bado kinaniudhi. Ni maziwa ya kopo yanayouzwa kwa watoto waliovuka mwaka mmoja. Shirika la Afya Duniani limeshasema si ya lazima. Kopo la gramu 400 nililoliulizia lilikuwa 28,000, na ukilikoroga unapata kama lita 3. Kwa pesa hiyohiyo unapata lita 11 za maziwa ya ng'ombe ya kuchemsha nyumbani. Chini ya mwaka mmoja ni habari nyingine: ng'ombe asichukue nafasi ya titi, na mama asiyeweza kunyonyesha aongozwe na mtaalamu, si na jirani wala na mimi.

Nisiwe mchoyo kwa pakiti. Jirani yangu anatoka nyumbani saa 11 alfajiri, anarudi saa 2 usiku, na dada anayebaki na mtoto ana miaka 17. Ukimwambia habari za kulowesha ulezi atakutazama tu. Kwake 6,300 ya ziada ni bei ya muda, na ni halali yake. Ila asome nyuma, si mbele. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Sukari ikiwa ya pili au ya tatu, arudishe rafuni. Atafute kama wameongeza chuma na zinki, maana hapo angalau analipia kitu ambacho jiko lake halina. Aangalie alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula, na tarehe ya mwisho. Akinunua, anunue ya nusu kilo inayoisha haraka, hata kama ya kilo mbili ina punguzo. Na yai lisikatwe kwenye bajeti kwa sababu pakiti ina picha ya yai.

Juzi Mangi alinionyesha mpya. "Mama, hii ina maziwa ndani, 7,500 tu." Nikaigeuza, nikasoma. Ngano, sukari, maziwa ya unga. Nikamwomba mayai 14. Akayahesabu mawili mawili, akayainua kwenye mwanga wa taa, moja akalirudisha kwenye trei bila kusema kitu, akachukua lingine.